Karamu ya Kuzima Viyoyozi

Kijiwe cha Hatim kipo pale kichochoro kinapotokea kwenye mfereji, na mali yake yote ni benchi mbili za mbao, turubai lililopauka kwa jua, jiko la mkaa na birika ambalo hakuna aliyewahi kulikuta limepoa. Hapo ndipo wanaume wa kichochoro hukusanyika baada ya sala ya alasiri kunywa chai ya ndimu kavu na kuutengeneza ulimwengu, na kwa miaka mingi ulimwengu ulikuwa ukitengenezeka vizuri tu mpaka chai iishe. Agosti hii uliwagomea. Basra ilikuwa inaungua. Maji ya bombani yalitoka ya moto hata kunawa uso ilikuwa adhabu, upepo wa mferejini ulikuja na chumvi yake, na kila ukuta ulikuwa na kiyoyozi kinachonguruma na kuwatemea wapita njia joto la watu waliojifungia ndani. Abu Raghad alikaa mwisho wa benchi, upande wa karibu na mlango wake, glasi mkononi na sikio kwenye ule mngurumo. Wenzake walikuwa wameshauzoea hata hawausikii. Yeye alikuwa hasikii kingine.

Kabla ya kustaafu alikuwa mwendesha winchi bandarini, mtu wa kukaa juu peke yake na makontena ya watu yakining'inia chini ya miguu yake, na hakuwahi kuogopa. Kilichomtisha siku hizi ni ukimya. Mkewe, Umm Raghad, ana moyo uliochoka, na daktari alisema bila kuzunguka kwamba moyo ule utavumilia mengi ila joto hautalivumilia. Umeme wa serikali ulikuja ukipenda, kwa hiyo kichochoro kizima kilitegemea jenereta moja. Viyoyozi vikizidi, swichi inaanguka, mngurumo unakatika, na Abu Raghad anakimbia nyumbani kumpepea mkewe kwa kipepeo cha ukindu mpaka mkono ufe ganzi.

Na leo palikuwa na jambo jingine lililomkaa kooni. Nyuma ya turubai la Hatim, penye kivuli, alifungwa kondoo. Alikuwa wa Abu Raghad. Amemnunua asubuhi, akampitisha kwa uchochoro wa nyuma, na isipokuwa Hatim hakuna aliyejua.

– Kesho ndiyo yenyewe, alisema Kadhim Redio, akiketi kabla hajasalimia.

Jina la Redio alipewa kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Kazi yake hasa ni kurusha njiwa juu ya paa, na njiwa wake wanasema machache kuliko yeye.

– Salamu kwanza, Redio, alisema Haji Mizhir, huku akizivuta punje za tasbihi. Au nazo zimekatwa?

– Salamu aleikum. Kesho joto linalipita la leo, na umeme wa serikali haupo kutwa nzima. Wametangaza na mapumziko.

– Ya nini?

– Watu wakae majumbani, wasife maofisini.

– Kwani wewe una ofisi?

– Nawasemea wenye ofisi.

Abu Raghad aliweka glasi chini.

– Haupo kutwa nzima? Nani kakwambia?

– Ndugu yangu, mimi nimekosea lini?

– Majuzi ulisema itanyesha, alisema Hatim kutoka jikoni kwake.

– Ilinyesha. Iliibiwa kabla haijatua.

– Mvua iliibiwa.

– Mawingu, Hatim. Wana ndege zao, wanayakamua huko juu. Yakifika kwetu ni makapi. Wewe unadhani kwa nini tunaona mawingu na hatuoni tone?

– Wanayakamua kina nani?

– Wenyewe wanajijua, alisema Redio, na akanyoosha mkono kupokea chai yake kama mtu aliyemaliza kazi.

Sabri Ampea alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Jenereta ni lake. Kila nyumba hulipia kwake ampea za umeme za kutosha taa na kiyoyozi, na kila nyumba huvuta zaidi ya ilizolipia. Hakukaa. Alisimama mbele yao.

– Nisikilizeni, kisha mtanitukana, alisema Sabri. Lile jenereta limechoka. Kesho mkilibebesha kama leo, koili itaungua. Ikiungua, koili yake haipatikani Basra. Nitaifuata Baghdad.

– Siku ngapi? aliuliza Abu Raghad.

– Nikikutajia nitakuwa nakuongopea. Nitakaporudi nimerudi.

Abu Raghad alikuwa ameshajiona gizani, kipepeo mkononi, usiku wa kwanza, kisha wa pili, na mkono wake si wa kijana. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa kuwa wenzake walikuwa wanakoroga sukari.

– Si ulilifungia kiyoyozi? aliuliza Haji Mizhir.

– Nimelifungia. Jenereta nalo linaona joto.

– Na hicho kiyoyozi kinakula umeme wa nani?

– Wa jenereta.

– Yaani linajipepea lenyewe.

– Haji, haya ni mambo ya ufundi. Wewe kaa na tende zako.

Haji Mizhir ni mfanyabiashara wa tende, mwenye tumbo la heshima na nyumba kubwa kuliko zote kichochoroni. Viyoyozi vyake vitano vilikuwa vinanguruma wakati huo huo, na yeye amekaa nje.

– Mimi nawaambieni ukweli, alisema Redio. Kila siku tunaambiwa punguza, zima, panda mti. Hebu geuzeni shingo muangalie kule.

Hakuna aliyegeuka. Kule ni kwenye visima vya mafuta, na ile mioto ya kuchoma gesi kila mtoto wa Basra anaijua tangu anyonye. Mchana ni moshi, usiku ni wekundu juu ya mapaa.

– Inawaka usiku na mchana. Njiwa wangu hawajui tena saa ya kulala. Halafu mimi Kadhim nizime feni yangu niiokoe dunia?

– Mimi sitaki kuiokoa dunia, alisema Abu Raghad. Nataka kuiokoa swichi.

Wote walijua kwa nini, na wazo la chumba kimoja lilikuwa lake.

Wazo lenyewe halikuwa na ugumu. Tangu adhuhuri mpaka alasiri, saa ambazo jua linaua, kila nyumba izime kiyoyozi chake na watu wote wakusanyike nyumba moja, kwa zamu. Wanawake na watoto vyumba vya ndani, wanaume sebule ya wageni. Wazazi wao waliishi hivyo kabla ya viyoyozi. Familia nzima chumba kimoja, matita ya vichaka vya miba ya ngamia dirishani yamemwagiwa maji ili upepo uingie umepoa, watu wanalala mchana kama mizigo iliyopangwa. Jenereta litapumua, kichochoro kitapoa kwa kuwa hakuna tena wa kukitemea joto, na Umm Raghad atakaa penye baridi isiyokatika. Walilipokea kwa mikono miwili. Redio alisema dunia nzima itakuja kujifunza Basra.

Siku ya kwanza walikwenda kwa Haji Mizhir, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Haji hakuweza. Watu wa kichochoro kizima wanaingia kwake, awabane chumba kimoja kama foleni ya hospitali? Aliwasha vyote vitano, na akakodi kingine. Jikoni majiko yote yaliwaka tangu alfajiri: wali na kondoo, dolma za mboga zilizojazwa wali, bamia, mabilinganya, na mkate unatoka tanurini. Swichi ilianguka kabla sinia halijafika sebuleni. Siku ya pili kwa Redio, ambaye hana hata meza, wali haukuonekana kwa kuku waliolala juu yake. Siku ya tatu kwa Sabri. Sabri baada ya kondoo na kuku alibakiwa na samaki, na samaki wa heshima Basra anachomwa kwa kuni, amesimamishwa kuuzunguka moto. Basi kichochoro kilichoazimia kupunguza joto kikawasha moto uani, adhuhuri, mwezi wa Agosti, kikaukalia duara. Mke wa Sabri alianguka jikoni. Wanawake walimmwagia maji akazinduka.

Leo walipumzika. Zamu ya kesho ilikuwa ya Abu Raghad.

Na hili ndilo lililomkosesha usingizi kuliko koili. Alimjua mkewe. Umm Raghad hajawahi kumtoa mgeni mlangoni na tumbo tupu, hata miaka ya vikwazo, walipokuwa wakisaga kokwa za tende wapate unga. Ataamka kabla ya adhana, atajikongoja kwa kushika ukuta mpaka jikoni, na hakuna mwanamume wala daktari atakayemtoa mbele ya sufuria. Jana alirudi kutoka kwa Sabri kimya, akakaa kimya jioni nzima anatazama mlango wa jiko, na Abu Raghad alijua anapanga vyakula. Asubuhi alitoka kununua mkate akarudi na kondoo. Miguu yake ndiyo iliyompeleka mnadani. Alijiambia kwamba nyama ikiwepo mkewe hatahangaika, na alipofika nusu ya njia akakumbuka kwamba nyama haijipiki, lakini mkono ulikuwa umeshashika kamba.

– Aliyeharibu ni Haji, alisema Redio. Wewe ndiye uliyewasha vyote.

– Ulitaka nikukaribishe kwenye joto?

– Nilitaka ufuate mpango.

– Mpango haukusema wageni waoge jasho. Na wewe mfuata mpango, wale kuku walikuwa wa nini? Niliutafuta wali kwa kijiko sikuuona.

– Baada ya kondoo wako ningeweka nini, matango?

– Na mimi baada yenu? alisema Sabri. Ilibidi samaki.

– Samaki wa kuni, mchana, Agosti, alisema Haji.

– Ulikula.

– Nilikula kwa heshima yako.

– Ulikula wawili.

– Heshima yako ni kubwa, Sabri.

Mngurumo ulishuka. Abu Raghad alikuwa ameshainuka, mguu mmoja umetoka kivulini, ndipo sauti ikapanda tena na kutulia. Alirudi kukaa. Katika ule ushukaji wa sauti, nyuma ya turubai kitu kililia.

– Nini hiyo? aliuliza Redio.

– Kiyoyozi cha Haji, alisema Hatim bila kugeuka. Kinataka grisi.

– Changu hakijamaliza hata mwaka, alisema Haji Mizhir, na akaudhika kweli.

Hatim alichukua kipande cha mkate, akapita nyuma ya turubai, akarudi bila mkate. Alimtazama Abu Raghad jicho la kusema utaniponza wewe.

– Tufanye kitu leo, alisema Abu Raghad. Kesho tutakuwa tumechelewa.

– Tulishafanya, alisema Redio. Tulipaka mapaa chokaa, yawe meupe yarudishe jua lilikotoka. Kilichotokea? Mapaa yote sawasawa, njiwa wangu hawajui kwetu ni wapi. Wengine wamehamia kwa yule mwizi wa mtaa wa pili, na hataki kuwarudisha.

– Lakini chumba cha juu kilipoa, alisema Abu Raghad.

– Kilipoa. Chumba kimepoa na njiwa sina.

– Na miti? alisema Sabri. Haji alitupandia miti.

Haji Mizhir alikohoa. Ile miti aliileta mwenyewe, ya kigeni, inayokua haraka kuliko watoto. Ilikua haraka hivyo hivyo chini ya ardhi, mizizi ikaingia kwenye mabomba ya maji machafu, na kichochoro kikakaa wiki nzima kinaruka mitaro ya kinyesi. Mitende ya mferejini nayo ilikuwa inakufa kwa chumvi, kwa hiyo hakuna aliyetaka tena kusikia habari ya mti.

– Nilikuwa na nia njema, alisema Haji. Na sasa nina wazo jingine. Viyoyozi vyote vinatemea kichochoroni, sivyo? Tuvigeuze. Migongo yao iangalie mtaa wa pili.

– Joto letu liende kwao, alisema Sabri.

– Si wana njiwa wa Redio?

– Nao wakigeuza vyao? aliuliza Hatim.

– Tutakuwa tumeshawahi.

– Haitoshi, alisema Redio, ambaye wazo la kumtesa yule mwizi lilimchangamsha. Tufunge mafeni pale mdomoni mwa kichochoro, ukuta mzima wa mafeni, yasukume joto lote mpaka mferejini. Likifika kwenye maji linazimika lenyewe.

– Na mafeni yatakula umeme gani? aliuliza Abu Raghad.

– Sabri ataleta jenereta la pili.

– La pili lisaidie la kwanza, alikubali Sabri. Na la tatu nalo liwepo, la kupumzisha hayo mawili. Hapo tutakuwa tumelimaliza tatizo la joto.

– Au barafu, alisema Haji. Tuchukue lori zima la barafu kiwandani, tuliegeshe hapa katikati.

– Kiwanda kinagandisha kwa kutumia nini, Haji? aliuliza Abu Raghad.

– Kwa umeme, lakini wa kwao.

– Mimi nasema tugeuze siku, alisema Redio. Mchana tulale, usiku tuishi. Shule usiku, soko usiku, harusi usiku. Jua likichomoza halikuti mtu. Litachoka kutuchoma.

– Utalala vipi mchana kwenye joto hilo bila kiyoyozi? aliuliza Hatim.

Redio alifikiri.

– Hapo bado sijafika, alisema.

Abu Raghad aliwatazama. Aliwapenda. Walibeba jeneza la baba yake, walikaa naye hospitalini moyo wa mkewe ulipofanya ukorofi mara ya kwanza, na akiwaambia leo wamtolee figo watagombania meza ya upasuaji. Wasichoweza ni kukaa kwenye nyumba ya mtu bila sinia katikati. Alikohoa.

– Jamani, kilichotuangusha si viyoyozi. Ni masinia. Kesho ni kwangu...

– Kesho ni kwako, alidakia Haji Mizhir, na tafadhali usijisumbue. Chochote utakachotuwekea.

– Mkate na chai vinatosha, alisema Redio.

– Hata tende tu, alisema Sabri.

Maneno hayo Abu Raghad aliyajua. Aliyasema yeye mwenyewe jana, akielekea kwa Sabri. Hayana maana ya tende. Maana yake ni kwamba tunakuamini hutatuaibisha na hutajiaibisha. Alifungua mdomo aseme hapana, kesho hakuna chakula, mke wangu atakufa jikoni. Alilipanga neno vizuri kabisa. Kilichotoka kilikuwa kingine.

– Karibuni, alisema. Mtakula mtakachokikuta.

Alijisikia akilisema na akajichukia.

Ndipo mlango wake ulipofunguka. Umm Raghad alitoka na abaya yake nyeusi, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika kipepeo cha ukindu. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kufika kwenye benchi hizo. Wanawake wa kichochoro hupapita pale kwa hatua za haraka, macho mbele. Sasa alikuwa anakuja moja kwa moja, polepole, akipumzika kila penye kivuli cha mlango. Wanaume waliinuka, wakashusha macho. Hatim alificha sigara nyuma ya mgongo.

– Kuna nini? Abu Raghad alimwendea mbio. Swichi haijaanguka, umetoka kwa nini?

– Sikuja kwako peke yako, Abu Raghad. Niache nisimame.

– Karibu ukae, dada yetu, alisema Haji Mizhir, akimsukuma Redio apishe benchi.

– Nikikaa sitainuka, Haji. Mungu akuweke.

Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. Walisubiri bila kumtazama. Abu Raghad alimtazama midomo.

– Sabri, mkeo anaendeleaje?

– Ana nafuu, Umm Raghad.

– Nilikuwa naye jikoni alipoanguka. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Unajua aliuliza nini alipofungua macho?

Sabri alisema hajui.

– Aliuliza kama samaki wametosha.

Sabri alianza kuifuta mikono yake upya, kidole kimoja kimoja.

– Kesho ni zamu yangu, aliendelea Umm Raghad. Nyumba yangu ina kiyoyozi kimoja, kinatosha chumba kimoja, na hicho ndicho tutakachokaa, tutatia pazia katikati. Miba ya ngamia nimeshaagiza, tutailowesha dirishani. Maji ya kunawa yapo kwenye tangi la hita. Nimeizima tangu mwezi wa sita, yamekaa ndani ya nyumba, ni ya baridi. Kila nyumba izime chake, kila mtu aje na mto wake. Lakini sitapika.

– Haina neno, alisema Haji upesi, wewe pumzika, sisi wenyewe tutaleta...

– Haji, sijamaliza. Hakuna atakayepika, wala kwangu, wala kwenu, wala kuagiza. Sitaweka wali wala mkate wala glasi ya chai. Jiko langu litakuwa limezimwa. Mtaingia, mtakaa kwenye baridi, mtakunywa maji, mtatoka. Sasa nawauliza. Mtakuja?

Tasbihi ya Haji Mizhir ilisimama.

Lilikuwa swali la kujibiwa na mtoto. Lakini atakayesema ndiyo, amekubali mbele ya watu kwamba nyumba ya Abu Raghad si ya kumlisha mgeni, na tusi kama hilo hakuna mtu wa Basra anayemtolea jirani yake wa miaka thelathini. Na atakayesema hapana amekiri kwamba siku zote tatu alifuata sinia. Haji alimtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na habari. Sabri alikazana na kitambaa chake. Hatim alitazama ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo.

Abu Raghad ndiye aliyepaswa kusema. Nyumba ni yake, mke ni wake, moyo ule ni yeye aliyekuwa akiulinda kwa masikio tangu Juni. Alijua jibu. Alihisi aibu inampanda shingoni, moto kuliko Agosti yenyewe, akamwona baba yake, akaona wageni wanatoka kwake wakiwa wanamezea mate, na ulimi haukuinuka. Kumbe siku zote hizi alimwogopea mke asiyeweza kuacha kupika, na asiyeweza kuliacha sinia alikuwa yeye mwenyewe.

Hapo swichi ilianguka.

Viyoyozi vilinyamaza kimoja baada ya kingine, cha kwake, cha Redio, kisha vile vitano vya Haji, mpaka kukabaki maji yanayodondoka ukutani. Ulikuwa ukimya mkubwa, na katikati yake, nyuma ya turubai, kondoo alilia. Alilia sauti ndefu, ya mnyama aliyeshiba mkate wa Hatim.

Umm Raghad aliligeukia turubai. Kisha akamgeukia mumewe, akamtazama muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia.

– Haya, alisema. Mmoja amejibu.

Hakuna aliyecheka. Rangi ilikuwa imeanza kumtoka midomoni, akaegemea ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa moto akauachia. Abu Raghad alikichukua kipepeo mkononi mwake, akaanza kumpepea pale pale mbele ya wanaume, jambo ambalo asubuhi ile angeapa hatalifanya. Sabri alikuwa ameshatimua mbio kwenye jenereta. Haji na Redio walisimama wasijue mikono yao waiweke wapi.

Hatim naye alikuwa na lake. Mgeni amefika kijiweni, na mkono wake ulikuwa umeshasuuza glasi safi, umeshatia sukari, na sasa alikuwa ameinama anaupulizia mkaa ili maji yachemke.

– Zima, Hatim, alisema Abu Raghad.

Hatim aliinua uso. Alimtazama Haji, kisha Redio, kama mtu anayetaka kujua kama amesikia sawa. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri na joto lake lilifika mpaka benchini.

– Zima, ndugu yangu. Hapewi kitu.

Ilimchukua Hatim muda kulimwaga birika juu ya mkaa. Moshi mweupe ulipanda, ukawaingia machoni, na waliposafisha macho yao Umm Raghad alikuwa bado amesimama, bado anavuta pumzi kwa shida, na bado anasubiri jibu lao.